Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaomtetea Barry Allen

Wajukuu zangu,

Nimeusikia mjadala wenu kuhusu Barry Allen, shujaa mwenye kasi ya ajabu wa tamthilia ya The Flash, iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 2014, na kwamba wengi wenu mnamwona hana doa. Mimi niliyekaa mahakamani miaka mingi nilianza kuitazama ili nisimwache mjukuu wangu peke yake sebuleni, nikajikuta naitazama hata akiwa amelala. Naomba mnivumilie nikitofautiana nanyi.

Sibishani na kasi yake wala kinyago chake. Kinachonikera ni zile seli. Katika msimu wa kwanza, Barry na wenzake wanawakamata watu waliopata nguvu za ajabu na kuwafungia ndani ya mtambo uleule uliolipuka ukawapa nguvu hizo, bila shtaka, bila wakili na bila tarehe ya kutoka. Mchukueni Shawna Baez, mmoja wa waliofungiwa humo, aliyemtorosha mpenzi wake gerezani, akashiriki naye uhalifu, kisha akatelekezwa na huyohuyo. Hayo ni makosa, nami ningemfunga. Lakini ningemtajia idadi ya miaka na kumweleza kuwa ana haki ya kukata rufaa.

Mtasema gereza la kawaida haliwezi kumzuia mtu anayegeuka gesi, kama mmoja wa wafungwa hao. Ni kweli, ila hiyo ni hoja ya ukuta, si hoja ya hukumu: mfungwa asipoweza kutolewa nje ya ukuta huo, jaji na aende akaketi mbele yake. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inalinda haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya jaji ili aliyemshika aeleze amemshika kwa sheria gani, na inaruhusu haki hiyo isitishwe tu wakati wa uasi au uvamizi, pale usalama wa umma unapodai.

Linaloniuma zaidi ni kwamba baba yake Barry, Henry, amekaa gerezani miaka 14 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Alionewa, lakini alikuwa na kesi na jalada, na hukumu ambayo mwanawe angeweza kuitafutia ushahidi wa kuipindua. Shawna angekuwa na mtoto, mtoto huyo angepekua jalada gani? Na Joe West, mpelelezi wa polisi, alikuwa akijua yote. Yeye namlaumu kuliko Barry, maana kijana alikuwa na haraka (ndiyo kazi yake), lakini mzee mwenzangu alikuwa na kiapo.

Mkikutana tena, mwandikieni Shawna hati ya mashtaka: kosa, mahali, mlalamikaji. Mmoja wenu amtetee, na awe yule anayemshabikia Barry kuliko wote. Kisha nileteeni jalada hilo nilisome.

Babu yenu,
Hakimu mstaafu