Harambee ya mguu isisahau mazoezi

Mhariri,

Hapa Eastlands, Nairobi, mtu anapokatwa mguu kwa sababu ya kisukari au ajali ya bodaboda, jamaa na majirani huitisha harambee ya kumnunulia mguu bandia. Ni desturi njema, nami nilifaidika nayo, hivyo siibezi hata kidogo. Ninalolalamikia ni kwamba hakuna anayeulizia mazoezi, ilhali mguu huo, usipokuta mwili uliotayarishwa, huishia kusimamishwa nyuma ya mlango.

Mimi nilikatwa juu ya goti. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani nilipewa dawa, magongo na tarehe ya kurudi kuonyesha kidonda, wala hakuna aliyenionya nisiweke mto chini ya kigutu, yaani kipande cha paja kilichobaki. Kwa wiki nyingi nililala nimekiegemeza juu ya mto, maana ndivyo nilivyopata nafuu, na nilipofika kupimwa mguu bandia nyonga ilikuwa imekakamaa katika hali ya kujikunja hata sikuweza kusimama wima. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyempata baadaye alinianzishia zoezi lisilogharimu hata shilingi: kulala kifudifudi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, ili misuli ya mbele ya nyonga inyooke. Likafuata la kulala ubavu na kuinua kigutu polepole, kwa sababu misuli ya kando ya nyonga ndiyo inayomzuia mtu asiyumbe anaposimamia mguu bandia. Kisha la kulala chali, kigutu kikikandamiza taulo lililoviringishwa huku nikiinua makalio.

Pumzi nayo ina sehemu yake. Aliyekatwa juu ya goti anaweza kutumia nguvu zaidi kwa nusu au kupita hapo kuliko mwenye miguu miwili katika mwendo ule ule, na ndiyo maana mnatuona tumeketi ukingoni mwa barabara tukihema. Huo si uvivu. Moyo na mapafu huzoezwa kwa kuongeza umbali kidogo kidogo, na mwenye kisukari hupima sukari kwanza, kisha hukagua ngozi ya kigutu na ya mguu uliobaki, ambao sasa umebebeshwa kazi ya ziada.

Zoezi lililonifaa zaidi mjini lilikuwa la ngazi: kupanda nikitanguliza mguu mzima, kushuka nikitanguliza ule bandia. Nililirudia kwenye ngazi za ploti yetu hadi nikaweza kupanda matatu kabla makanga hajapiga kelele.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake. Kwa maoni yangu, kifaa kisichoambatana na mafunzo ya kukitumia ni nusu ya haki hiyo. Naiomba serikali ya kaunti itenge japo asubuhi moja kila wiki, katika hospitali zake, kwa mazoezi ya pamoja ya waliokatwa miguu, kuanzia wale wanaosubiri upasuaji. Chumba, mikeka na mtaalamu mmoja vinatosha kuanzia. Nao wanaoandaa harambee, kwenye bajeti ya mguu waongeze nauli ya kwenda mazoezini, angalau ya miezi mitatu.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi