Baruapepe ya risiti si ruhusa ya matangazo

Mhariri,

Hoteli na maduka mengi hapa Kisumu humwomba mteja anwani ya baruapepe ili atumiwe risiti au afunguliwe Wi-Fi, kisha wiki haiishi kabla ya kurundikiwa matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inadai ridhaa ya waziwazi kabla ya data ya mtu kutumiwa kibiashara. Aliyekubali risiti amekubali risiti tu.

Fomu iwe na kisanduku cha pili, kitupu, ambacho mteja atakitia tiki mwenyewe: "Nakubali kutumiwa matangazo ya duka hili kwa baruapepe." Kikija na tiki tayari, hakuna aliyekubali lolote. Hifadhi maneno hayo jinsi yalivyokuwa, pamoja na tarehe na saa, kwa kuwa kifungu cha 32 kinamtwika mwenye biashara mzigo wa kuthibitisha. Rejista ya wageni pale langoni inathibitisha tu kwamba mtu aliingia. Kisha tuma ujumbe mmoja wa kuhakikisha anwani. Herufi moja ikikosewa, matangazo yanamwendea asiyehusika.

Wanaouzia kampuni hudhani sheria hii haiwagusi. Inalinda watu, si kampuni, ni kweli; anwani ya jumla inayoanza na "info" haimtambulishi mtu. Lakini ile yenye jina la afisa wa ununuzi ni data yake binafsi, hata kama anwani ni ya mwajiri.

Panapoharibika zaidi ni kujiondoa. Kanuni za 2021 chini ya sheria hiyo zinataka njia inayoonekana na isiyomsumbua mteja. Wengi huiweka, mteja akajiondoa, karani akafuta jina lake. Mwezi unaofuata karani yuleyule anapakia faili ya zamani ya Excel, na jina linarudi. Kwa hiyo usifute tu: weka orodha ya waliojiondoa, yenye anwani peke yake, na uilinganishe na orodha ya kutumia kila mara kabla ya kutuma. Na tafadhali, usijaze anwani za wateja wote mahali ambapo kila mmoja anaona za wenzake.

Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Gmail nayo haisubiri Kamishna wa Data anayesimamia sheria hii: tangu 2024, anayewatumia watumiaji wake jumbe 5,000 au zaidi kwa siku lazima aweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja katika matangazo yake. Jumbe zinazolalamikiwa na wapokeaji kuwa taka (spam) zikifika asilimia 0.3, hata risiti zake halali zinaweza kuishia kwenye folda ya taka.

Kuhusu orodha za zamani zisizo na kumbukumbu ya ridhaa, kuandika "usipojibu tutajua umekubali" ni bure. Kunyamaza kuwa kukubali ni mambo ya posa. Mteja akirudi dukani, muulize hapo kaunta.

Mdau wa ulinzi wa data,
Kisumu