YAH: Malalamiko ya kubadilishiwa masega bila chanzo cha harufu ya yai viza kutafutwa

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Gari langu la petroli limeingia gereji yenu mara mbili kwa tatizo moja: ekzosi kutoa harufu ya yai viza, kali zaidi ninapopanda mlima au kukanyaga mafuta kwa nguvu. Mara ya kwanza mlinibadilishia masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Siku ya tisa harufu ikarudi. Nilipolirudisha, mpokeaji wenu aliniambia nimejaza mafuta mabaya, nibadilishe kituo. Nikabadilisha. Nilimaliza matangi matatu kutoka vituo vitatu, na watoto wangu wakaendelea kuziba pua kiti cha nyuma.

Sipingi kwamba mafuta yenye salfa nyingi huleta harufu hiyo. Lakini hata petroli nzuri ina salfa kidogo. Ikiungua hugeuka salfa daioksaidi, na sehemu yake hujishika kwenye masega. Injini ikipewa petroli kupita kiasi, yaani hewa ikipungua chini ya ule uwiano wa kilo 14.7 kwa kila kilo 1 ya petroli, oksijeni kwenye moshi huwa haba na salfa ile huachiwa kama hidrojeni salfaidi, gesi ileile inayolifanya yai viza linuke. Basi kabla ya kugusa spana, fundi wenu alipaswa kujiuliza kwa nini injini hii inapata petroli ya ziada. Yeye aliwasha injini, akanusa, akasema masega yamekufa.

Lililoniuma kuliko yote ni taa ya injini. Ilikuwa inawaka nilipowakabidhi ufunguo. Karatasi yenu ya kazi ina maneno mawili tu: "taa imezimwa". Hakuna namba ya kosa, hakuna kipimo hata kimoja. Kosa likifutwa kwenye kompyuta ya gari, kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea hufutika pamoja nalo: joto, mwendo, mzigo. Mlifuta ushahidi uliokuwa unawaelekeza, kisha mkanitoza kipuri ambacho ni miongoni mwa vilivyo ghali zaidi katika gari zima.

Fundi wa pili, asiye wa kwenu, hakumaliza saa moja. Alianza kwa kuniuliza gari linanuka wakati gani, na kama ulaji wa mafuta umeongezeka. Ulikuwa umeongezeka, na ningewaambia ninyi pia kama mngeniuliza. Akapima chaji injini ikiwa inaunguruma, akapata volti 14.2, akaiondoa betri kwenye orodha, maana betri inayochajiwa kupita kiasi nayo hutoa harufu hiyohiyo. Kisha akachomeka kompyuta. Kosa lilikuwa limeshajirudia: P0172, mchanganyiko una petroli nyingi mno. Gari lilikuwa limejipunguzia petroli kwa asilimia 25, na bado sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega, ilikuwa imeganda karibu na volti 0.9, dalili ya petroli nyingi, badala ya kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 kama inavyopaswa. Akachomoa mpira mwembamba wa vakyumu unaoingia kwenye rejuleta ya presha ya mafuta, kifaa kinachodhibiti msukumo wa petroli kwenda kwenye injini. Ulikuwa umelowa petroli. Utando wa ndani ya rejuleta ulikuwa umechanika, na injini ilikuwa inanyonya petroli mbichi kupitia mpira huo.

Rejuleta ile inaenea kiganjani. Ilifungwa mpya, na baada ya siku chache harufu ikaisha kabisa.

Naomba mtambue pia kwamba injini inayopewa petroli nyingi hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na gesi hiyo haina harufu ya kumwonya mtu. Mlinirudishia gari la namna hiyo mkisema limepona, nikapakia watoto ndani yake kila asubuhi.

Nataka nirudishiwe malipo ya masega na ufundi, isipokuwa kama mna kipimo mlichokichukua kabla ya kazi kinachoonyesha kwamba yale ya zamani yalikuwa yameharibika kweli. Nataka masega mapya yakaguliwe bila malipo, pamoja na usomaji wa sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, kwa sababu yamepitishiwa petroli ya ziada kwa wiki kadhaa. Mafuta ya namna hiyo huyachafua kwa masizi, na yakipata hewa huungulia humo humo na kuyayeyusha. Majibu ya ukaguzi nipewe kwa maandishi, yakiwa na namba.

Tena masega yangu ya zamani yako wapi? Sikurudishiwa wala sikuulizwa. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, na ni mali yangu hata kama yamekufa. Niyapate yenyewe, au thamani yake.

Nimeambatisha nakala ya karatasi yenu ya kazi, risiti zote mbili, picha ya mpira uliolowa na usomaji wa kompyuta wa fundi wa pili. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Rejuleta iliyochanika ninayo. Fundi wenu akitaka kuiona, nitaileta mwenyewe.

Wenu,
Mteja mwenye gari