Salamu za Idd kutoka Lindi

Assalaam aleikum ndugu zangu, wa hapa Lindi na nyie mlioko Mtwara, Dar na ng'ambo. Idd Mubarak. Mola azipokee saumu zetu, na waliotutangulia awarehemu.

Ramadhani hii, kila baada ya tarawehe, nilikaa barazani na *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Nakala ni ileile ya shule: jalada marehemu mama alilishona kwa uzi mweusi, na ukurasa mmoja bado una doa la mafuta ya kaimati. Miaka yote hii kilichonibaki kichwani ni nchi inayoelea angani. Utotoni nilikesha nikijiuliza imeshikwa na nini isidondoke.

Safari hii walionishika ni wajumbe. Sita, wametumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wawatafutie wenzao mema. Wanarudi na habari, wanatiwa gerezani! Karama, mwenyewe akiwa mshitakiwa, anasimama mbele ya baraza la mfalme na kuwasemea. Kitabu ni cha 1951, enzi za mkoloni. Kwa maoni yangu ndiyo maana mzee yule aliipeleka nchi yake mawinguni.

Kwa mjumbe wa ardhini nilifunga kitabu kidogo. Nilikikumbuka kilima chetu cha Tendaguru, hapa mkoani Lindi. Uchimbaji ulianza 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert, na hadi 1913 wazee wetu walikuwa wakifukua mifupa ya dinosaria na kuibeba kichwani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandarini Lindi. Dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Wao nao waliyaona ya ardhini. Nani alikaa akawasikiliza?

Idd iliyopita kijana wetu mmoja alitoka safari, akaanza kutueleza namna wenzetu huko wanavyobangua korosho wenyewe badala ya kuziuza ghafi. Tukamkatiza: wewe mtoto wa juzi. Na mimi nilikuwemo. Alinyamaza, akala pilau yake akiangalia sahani, kesho yake akapanda basi. Mwanangu, leo ni siku ya kuombana radhi. Nisamehe.

Nanyi mnaoteremka stendi leo na mabegi, msituambie tu "huko kwema". Mkeka nimeshautandika chini ya mwembe, kahawa iko jikoni. Kijana wetu ndiye ataanza, na habari yake ya korosho aimalize.