Dawa za nyumbani zichapishwe pamoja na vipimo vyake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya maelekezo ya kubana matumizi na dawa za nyumbani ambayo magazeti yetu huyachapisha mara kwa mara. Sina ugomvi nayo. Nimelelewa Langoni, hapa Lamu, katika nyumba ambamo nazi haikuwa na cha kutupwa: tui jepesi lilianza kupikia wali na tui zito likamalizia, machicha wakapewa kuku, makumbi yakawashia moto, na kifuu chenye umbo zuri kikatiwa mpini kikawa upawa. Ninayoyalalamikia ni maneno mawili tu, "kiasi kidogo", yanayoandikwa kana kwamba mikono ya wapishi wote ni mmoja.

Usiku mmoja mjukuu wangu wa miaka miwili alishikwa na tumbo la kuharisha. Jirani yetu, kwa wema wake, akamkorogea maji ya chumvi na sukari kama alivyopata kusoma: chumvi kidogo, sukari kidogo, maji ya kutosha. Mtoto alipiga funda moja akakaza midomo, nasi tukadhani anadeka. Nilipoyaonja mwenyewe niliona kama nimemeza maji ya bahari pale gatini, na jagi zima likamwagwa.

Dawa hiyo si porojo, wala haigharimu kitu, lakini yote imo katika kipimo. Sukari ndiyo inayoisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huyavuta maji kuingia utumboni, kuhara kukaongezeka, na ndiyo maana soda haifai kabisa. Kipimo chenyewe ni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wazee wetu walitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele, na hapa kila kijiko ni cha mfuto, kisiwe na kilima juu. Maji hayo yasiwe na chumvi kuliko machozi, na yakishapita saa 24 yamwagwe. Pakiti za zahanati ni bora zaidi zikipatikana, na tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14.

Najua watu wa huku watanijibu kwamba dafu linatosha. Dafu ni zuri na mimi mwenyewe hulinywa, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, kidogo, ilhali sodiamu ndiyo anayoipoteza mwenye kuhara, kwa hivyo haliwezi kushika nafasi ya maji yale.

Asali nayo husifiwa kwa kikohozi, na ni kweli hutuliza koo, lakini ni nadra kuona imeandikwa kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haruhusiwi hata kulambishwa, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvishinda. Ama dawa ya meno juu ya mahali palipoungua, hiyo msiichape tena. Ni maji baridi yanayotiririka, kwa dakika 20.

Huenda mjini kosa dogo likarekebishwa upesi, kwani hospitali iko karibu. Mtu wa Siyu, kisiwani Pate, aliyekosea kipimo usiku hana budi kutafuta mashua na mafuta yake, tena angoje maji yajae ndipo atoke kwenye mkondo, na hapo ile shilingi aliyoiokoa imekwisha kuzaa deni.

Ninaloomba, Mhariri, ni kwamba kila dawa ya nyumbani mtakayoichapisha iandikwe kwa lita na kwa vijiko, itajwe ni ya umri gani, na ielezwe ni dalili zipi zinazotaka mgonjwa apelekwe kwa daktari bila kungoja: mtoto akitapika kila anywacho, akiwa na damu chooni, macho yakimbonyea au akilegea. Mistari minne yatosha.

Kwangu mimi, kijiko cha chai kimefungwa kwa uzi kwenye mkono wa jagi, na watoto wamekatazwa kukifungua.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu