Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karatasi Yetu Itoke Wapi

Ndugu wanachama, wenye maduka ya steshenari na wachapaji wa Mtwara, Masasi na Newala, salaam.

Mwaka huu kamati imeshughulika zaidi na swali mlilotukabidhi kwenye mkutano mkuu: tuagize karatasi kwa jirani yupi? Habari za ada na pango la ofisi mhazini atazieleza.

Msumbiji haikutuchukulia muda. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010, lakini wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma nao karatasi wanaiagiza. Ukinunua kwao, unalipia safari mbili.

Kenya ina mambo mawili, na msiyachanganye. Tishu na madaftari yanayotengenezwa kwao ni mali nzuri. Yakija na cheti cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hayatozwi ushuru wa forodha, na mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi. VAT bado mtalipa. Rimu za A4 ni habari nyingine. Kiwanda chao kikubwa cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009, na karatasi nyeupe nyingi inayouzwa Nairobi imeshuka Mombasa kutoka nje ya jumuiya. Kupita Mombasa hakuifanyi iwe ya Kenya. Mwenzetu mmoja aliambiwa na muuzaji kuwa mzigo ni wa huko. Ulipofika mpakani cheti hakuna, ushuru ukala faida yote. Iliniuma sana, maana alikuwa amekopa.

Afrika Kusini wanapanda misonobari na mikaratusi, wanatengeneza massa (rojo ya mbao inayozaa karatasi) na karatasi nyeupe wenyewe, kwa hiyo uasili wake hauna ubishi. Dai cheti cha uasili cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kabla hujatuma hata senti. Ugumu wake ni kwamba unatakiwa kuchukua kontena zima, na hakuna duka letu hata moja linaloliweza peke yake. Mimi naona tuagize kwa pamoja. Msimu wa korosho makontena yanatakiwa sana bandarini kwetu. La kwetu likishapakuliwa hapahapa, wenye korosho wanalihitaji. Hiyo ni hoja ya kupatia nauli nafuu, na wakala wa forodha ameanza kuifuatilia.

Karatasi ya kaki ya mifuko na vifungashio msiitafute nje. Mgololo, kule Mufindi, wanaitengeneza.

Sasa mizani. Gramu 80 zinazoandikwa kwenye rimu ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi; karatasi moja ya A4 ya aina hiyo ina uzito wa gramu 5, hivyo rimu ya karatasi 500 inakaribia kilo 2.5. Ya gramu 70 ni kama kilo 2.2. Tulipima ofisini rimu iliyoandikwa 80 kwa herufi kubwa, sindano ikaishia kwenye 2.2. Bei yake tulikuwa tumeisifu! Kuanzia sasa tulinganishe bei kwa kilo, mzigo ukiwa umefika Mtwara, siyo kwa rimu ukiwa Nairobi au Durban. Na mkishapokea, katoni zikae juu ya chaga, mbali na ukuta; kwa unyevu wetu wa pwani karatasi hujikunja na kukwama kwenye fotokopi hata iwe nzuri kiasi gani.

Fomu za oda ya pamoja ziko kwa katibu. Kila mmoja aandike idadi ya katoni na uzito anaoutaka, gramu 70 au 80, na airudishe fomu kabla ya mwisho wa Julai.

Mwenyekiti