Barua kwa mwanangu aliyeteguka mguu

Mwanangu Idi,

Mama yako kanionyesha picha ya mguu wako. Kifundo kimeumuka kama andazi, na chini yake umeandika: "Nimeteguka kidogo tu, Jumamosi nacheza." Hilo "kidogo tu" ndilo lililonikalisha niandike.

Unaikumbuka supu ya kongoro, ile mikanda myeupe inayoshikanisha mifupa, unayoivuta kwa meno mpaka inakushinda? Na sisi tunayo. Kifundoni upande wa nje iko mitatu, na unyayo ukipinda kwa ndani, wa mbele ndio huumia kwanza. Ukivutika na kuchanika nyuzi chache, unachechemea lakini unatembea, na wiki moja hadi tatu zinatosha. Hilo ni daraja la kwanza. La pili, mkanda umechanika nusu: uvimbe unakuja mapema, damu inavilia, kukanyaga ni kazi. Hesabu wiki 3 hadi 6. La tatu ndilo linalodanganya watu. Mkanda umekatika wote, kifundo kinacheza kama bawaba iliyolegea, na pengine maumivu yakawa madogo kuliko ya daraja la pili, maana hakuna tena kinachovutwa. Kwa hiyo usiniambie haiumi sana.

Mimi yalinikuta nikishuka kwenye daladala kabla haijasimama. Shangazi akanikanda kwa maji ya moto na chumvi, akanichua kwa mafuta ya nazi mpaka machozi yakanitoka. Nia yake ilikuwa njema, lakini asubuhi mguu haukuingia hata kwenye kandambili. Siku mbili tatu za mwanzo, joto na kuchua huzidisha uvimbe. Nunua barafu ya mfuko, izungushie kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Ukilala, mguu uwe juu ya mto.

Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, bonyeza zile nundu mbili za kifundo, hasa ukingo wa nyuma na ncha ya chini. Bonyeza na mfupa uliojitokeza ukingoni mwa unyayo, upande wa kidole kidogo. Kisha jaribu hatua 4. Mfupa ukiuma kwa kubonyezwa, au hatua 4 zikikushinda, nenda hospitali ukapige eksirei, huenda umevunjika. Kipimo hicho kilitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hakina gharama.

Kilichoniponza mimi ni wiki ya pili. Maumivu yalitulia, nikarudi kubeba magunia. Tangu hapo mguu huu hunipinda hata kwenye sakafu ya saruji, mchana kweupe, nikiwa sijabeba kitu. Mkanda ukiumia, hata ile hisia ya kujua mguu umekaaje hupungua. Lazima uufundishe upya. Uvimbe ukishuka na ukiweza kukanyaga, simamia mguu huo mmoja ukipiga mswaki. Ukizoea, fumba macho, ila uwe karibu na ukuta.

Jumamosi huchezi. Kocha nitampigia mwenyewe. Bandeji ya mpira nimempa konda wa basi la asubuhi, atafika stendi saa kumi jioni. Ifunge imara, ila vidole visife ganzi. Na mtume mwenzako akaichukue, usiende wewe.

Baba yako